Ngozi Iliyobaki

Dada Siti hakukusudia kuona. Alfajiri ya Alhamisi aliamka, akachukua ndoo yake kwenda kuoga, na kwa kuwa mlango wa bafu la uani katika nyumba ile ya Mtaa wa Sikukuu ulikuwa gunia tu lililotundikwa kwenye misumari, akalisogeza bila kubisha. Ndani alikuwamo Tatu. Khanga yake alikuwa ameitundika ukutani, mbali na mkono, na kwa muda wa kuhesabu moja hadi kumi wanawake wale wawili walitazamana, mmoja kashika ndoo, mwingine hana hata uzi mwilini.

"Niwie radhi, wifi," Siti akasema, akalirudisha gunia mahali pake.

Tatu alimalizia kuoga haraka. Zilikuwa zimebaki siku nane aolewe na Bakili, mdogo wake Siti, na kwa miezi saba ya uchumba wao alikuwa amefanya kila njia mtu yeyote wa upande wa Bakili asiuone mwili wake. Alivaa magauni ya mikono mirefu katika joto lile la Dar es Salaam. Tumbo alilifunga kwa khanga aliyoikunja mara nne, akaikaza mpaka pumzi zikawa fupi. Alijiambia kwamba akishaolewa atatafuta maneno, amweleze mumewe kidogo kidogo. Sasa aliyeona alikuwa mtu ambaye hakuna maneno yangemzuga, maana kwao Lindi Dada Siti alikuwa mkunga, na ndiye aliyemlea Bakili tangu mama yao alipofariki. Alikuja kwa ajili ya harusi, na kwa kuwa Bakili alikuwa na chumba kimoja tu huko Ilala, wazee walikubaliana alale kwa kina Tatu.

Kabla ya adhuhuri Siti alikuwa ameshafunga mkoba wake. Alimuaga Mama Mdogo Zamda, aliyemlea Tatu, akasema amemkumbuka mdogo wake, anakwenda kukaa naye kidogo. Zamda akamsindikiza hadi mlangoni, akarudi ndani, akamtazama Tatu aliyekuwa anajifanya anapepeta iliki.

"Umemuudhi nini wifi yako?"

"Ameniona bafuni."

Zamda aliketi taratibu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika tama.

* * *

Miaka mitano nyuma Tatu binti Sadalla alikuwa na kilo mia na ishirini na sita. Kwa Kariakoo hiyo haikuwa aibu. Sokoni, kwenye meza yake ya viungo, walimwita Tatu Pipa, na yeye aliitika akicheka. Akiingia kwenye harusi wanawake walimsogezea mkeka wa mbele. Mumewe wa wakati ule, Mbaruku, mchuuzi wa samaki pale Feri, alipenda kutembea naye Jumapili jioni ili watu wamwone anavyomlisha mkewe.

Kisha ikaja kiu isiyokatika, na kidonda cha mguuni kilichokaa miezi miwili bila kufunga. Daktari akamwambia ana ugonjwa wa sukari. Ulikuwa mwaka ambao sukari haionekani madukani, watu wanapanga foleni tangu usiku wapate nusu kilo, kwa hiyo jirani zake walicheka mpaka wakashika mbavu: wenzio wanaitafuta, wewe imekuzidi mwilini. Tatu naye alicheka. Lakini mama yake mzazi alikuwa amekufa kwa ugonjwa huo huo. Alikatwa mguu mmoja chini ya goti, mwaka uliofuata ukakatwa wa pili juu ya goti, na akafa ana miaka arobaini na saba katika chumba kile kile ambacho Tatu sasa alikuwa analala. Tatu ndiye aliyekuwa akimfunga vitambaa.

Basi alifanya alichoambiwa. Aliacha wali wa nazi, aliacha maandazi, aliacha chai ya sukari kwa kuwa hata hivyo haikuwepo. Alikula dona kidogo, mchicha, samaki wa kuchemsha. Kila asubuhi alitembea kwa miguu kutoka Kariakoo mpaka Feri na kurudi. Usiku alilala njaa ikimuuma kama jino. Miaka miwili na nusu, kilo hamsini na tano. Siku alipofika sabini na moja daktari alisimama akampa mkono.

Ngozi haikumfuata. Ilibaki pale pale ilipokuwa wakati wa unene, ikakosa cha kushika. Tumboni ilishuka mpaka juu ya mapaja. Mapajani ilikusanyika magotini. Miezi ya joto, chini ya tumbo kulitoka vidonda vya jasho ambavyo alivipaka unga wa muhogo kwa siri. Alipokuwa mnene alijiona mwanamke kamili. Sasa daktari alimpongeza, naye akafunika kioo cha chumbani kwa shuka.

Mbaruku alivumilia mwaka mmoja. Alasiri moja Tatu alikuwa anabadilisha nguo, yeye kajilaza kitandani, akamwambia, "Vaa, bwana," bila hasira yoyote, kama mtu anayeomba mlango ufungwe. Mwezi uliofuata alimpa talaka.

Bakili alikuja baada ya hapo. Alikuwa seremala, mtu wa Kusini, mwenye miaka miwili tu hapa mjini, na aliitwa kuja kutengeneza mguu wa meza ya Tatu. Kazi ya nusu saa ikamchukua asubuhi nzima. Kesho yake alirudi kuangalia kama mguu umekaa sawa, keshokutwa tena. Aliwasikia wachuuzi wakimwita Tatu Pipa, akadhani ni utani, kama vile mtu mrefu anavyoitwa Mfupi. Tatu alimwambia kwamba zamani alikuwa mnene. Akasema hivyo tu. Naye Bakili akacheka, akasema kila mtu zamani alikuwa kitu kingine.

Yeye naye alikuwa na lake. Aliwahi kuoa huko Lindi, na mwaka wa nne wa ndoa alimkuta mkewe amejifungia chumbani analia kwa kuziba mdomo na mto. Mke huyo alikuwa na mtoto wa ndoa yake ya kwanza, aliyemwacha kwa bibi yake, na hakuwahi kumtaja. Siku hiyo alikuwa amepata habari kwamba mtoto amekufa, na alikuwa anamlilia peke yake katika nyumba ya mume asiyejua. Bakili alisema hakuweza kumtazama tena mwanamke yule bila kujiuliza ni nini kingine. Waliachana. Kwa hiyo siku ya posa, wazee walipokwisha kusema yao, yeye aliomba kuuliza swali moja: kama kuna kitu chochote Tatu amemficha. Tatu akajibu kwamba hakuna.

* * *

Bakili alikuja Jumamosi baada ya swala ya alasiri. Kofia aliishika mkononi. Alimwamkia Mama Mdogo Zamda, akaitikiwa marahaba, akakaribishwa ukumbini. Zamda akaubeba ungo wake wa mchele, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha uani, mahali ambapo angeonekana mgongo na asingeonekana anasikiliza.

Tatu alimletea maji. Hakuyanywa.

"Nikikuuliza jambo, utanijibu kweli?"

"Uliza."

"Una watoto wangapi?"

Siku mbili Tatu alikuwa amejiandaa kwa swali jingine kabisa. Alijiandaa kuulizwa kama ni mgonjwa, kama amerogwa, kama ni mzee kuliko alivyosema. Hili halikuwamo. Alimtazama Bakili bila kuelewa, naye Bakili akauona ukimya ule kama jibu, uso ukamgeuka kijivu.

"Dada anasema tumbo lako limezaa si chini ya mara nne," akasema. "Anasema ameshika matumbo ya wazazi miaka ishirini, hawezi kukosea. Siku mbili sijalala, natafuta namna ya kutomwamini."

"Na umeipata?"

"Nimekuja unipe wewe."

Angeweza kukasirika. Haki ya kukasirika alikuwa nayo. Lakini aliyaona macho mekundu ya mtu yule, akamkumbuka yule mke wa Lindi na mto mdomoni, hasira ikamwishia njiani. Aliingia chumbani, akainua godoro, akarudi na kadi ya hospitali iliyochakaa pembeni.

"Soma."

Bakili alisoma kwa kidole, kwa sauti ndogo, tarehe na kilo. Mia na ishirini na sita. Mia na kumi na tisa. Mia na nne. Tisini na nne. Themanini na mbili. Alipofika sabini na moja alirudi juu, akaanza tena.

"Mimi sijazaa," Tatu akasema. "Sijashika hata mimba iliyoharibika. Nilikuwa mtu mkubwa, nikapungua, ngozi ikabaki. Hicho ndicho dada yako alichokiona."

Bakili aliweka kadi magotini, akajifunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kutikisika. Tatu alidhani analia, kumbe alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyetolewa kisimani. Akamwomba radhi mara tatu. Akasema anakwenda Ilala sasa hivi, atamleta Dada Siti aje aombe msamaha mwenyewe. Akaushika mkono wa Tatu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya Zamda akiwa karibu, akamweleza kuhusu kitanda cha mninga alichokuwa anakipiga msasa kwa ajili yao, kwamba upande wa kichwani amechonga maua, na kwamba fundi mwenzake amemcheka kwa kupoteza muda.

Tatu alimsikiliza, moyo ukamlegea. Kama angenyamaza pale, Ijumaa angeolewa. Aliwaza hivyo wakati ule ule, na baadaye aliwaza hivyo mara nyingi. Ila jibu lake la siku ya posa lilikuwa limemkaa vibaya kwa miezi saba, na alichoka kulibeba.

"Kaa kwanza, Bakili," akasema. "Umesoma tu. Hujaona."

Akafungua kifungo cha mkono wa gauni, akaukunja mpaka begani, akauinua mkono.

Kutoka kwapani mpaka karibu na kiwiko ngozi ilining'inia, nyembamba, yenye mikunjo na michirizi myeupe, na alipouinua mkono yenyewe ilichelewa kidogo kufuata. Tatu hakuutazama mkono wake. Aliyatazama macho ya Bakili. Yalifika, yakasimama, kisha yakakimbilia ukutani kwenye kalenda. Muda mfupi sana, mtu mwingine asingeona. Yaliporudi yalikuja na tabasamu.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Huu ni mkono. Tumboni na mapajani ni zaidi."

Kwenye kizingiti mchele uliacha kulia katika ungo.

"Itarudi?"

"Haitarudi. Daktari anasema labda ningekuwa msichana. Mimi nina miaka thelathini na nne."

"Hata kwa dawa ya kienyeji? Kule kwetu kuna mafuta, wanawake wakishajifungua…"

"Nimepaka yote."

Bakili akaitikia kwa kichwa. Alikuwa fundi, na akili yake haikuzoea kutazama kitu bila kutafuta pa kukirekebishia. Tatu aliona anavyofikiri, akampenda hata kwa hilo, mpaka alipofungua mdomo.

"Na kama ungenenepa tena kidogo? Si kama zamani. Kidogo tu, ikajaa."

Tatu hakupandisha sauti. Alimweleza kuhusu mama yake, ambaye mpaka siku ile alikuwa amemwambia tu kwamba alikufa kwa maradhi. Alimweleza mguu wa kwanza na mguu wa pili. Alimweleza jinsi mama yake alivyokuwa akiamka akitaka kujikuna vidole ambavyo havipo. Bakili alisikiliza kichwa kimeinama, na alipokiinua alikuwa na aibu ya kweli.

"Basi. Nimekosa. Usiseme tena."

Akasogea, akaushika mkono wa gauni, akaukunjua mwenyewe kutoka begani mpaka kwenye kifundo, taratibu, kwa vidole vile vigumu vya kazi, akafunga kifungo. Alifanya kwa upole kama anayemfunika mtoto.

"Mimi nakutaka wewe, Tatu," akasema. "Haya mengine yasikutie wasiwasi. Tutazima taa."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, magurudumu yakagonga kwenye shimo la barabara, yakaendelea.

"Tutazima kwa miaka mingapi?" Tatu akauliza.

"Sijakuelewa."

"Nakuuliza, hiyo taa. Mwaka mmoja? Mpaka tuzeeke? Na mchana je, Bakili? Nikiugua ukaniogesha? Utafumba macho?"

"Mbona unafanya kama nimekukataa? Mimi sikukatai."

"Najua hunikatai. Unajiandaa kunivumilia." Akakigusa kile kifungo cha mkono. "Mbaruku alinivumilia mwaka mzima, na kila siku ya mwaka ule nilimwona anavyojikaza. Yeye sikuwa nampenda sana, ndiyo maana niliweza. Wewe nakupenda. Wewe sitaweza."

Hakuwahi kumwambia neno hilo kabla. Liliwatoka watu wengi kirahisi siku za uchumba, kwake lilingoja mpaka siku ile. Bakili akasema apewe siku chache, moyo wake utakaa sawa, yeye si mtu mbaya. Tatu akamwambia anajua kwamba si mtu mbaya, na hilo ndilo linalomuumiza. Akamsindikiza mpaka barazani. Aliporudi ndani alimwomba Mama Mdogo awaambie wazee wasimamishe shughuli kwanza. Zamda alitaka kusema mengi kuhusu watu watakavyosema, wageni walioalikwa, mchele uliopatikana kwa taabu. Alimtazama mtoto wa dada yake usoni, akayarudisha yote kooni, akaenda kuvaa buibui.

* * *

Jumanne alikuja Dada Siti, peke yake. Alisimama mlangoni akapiga hodi mara tatu ingawa mlango ulikuwa wazi, na alipoingia hakukaa kwenye kiti, alikaa mkekani. Akasema amekuja kuomba radhi. Ukunga wake umemtia kiburi, alidhani hakuna tumbo asilolijua. Tatu akamwambia yameisha.

"Bakili hali," Siti akasema. "Anashinda karakana, anapiga msasa ubao mmoja tangu juzi mpaka umekuwa mwembamba. Amenituma nikuambie harusi iko pale pale, Ijumaa kama ilivyopangwa."

"Kwa nini hakuja mwenyewe?"

Siti akatazama mkeka. Alikuwa mwanamke mkweli, hakutunga sababu.

Badala yake aliuliza kama ile sehemu ya chini ya tumbo inamsumbua kwa jasho. Tatu akashtuka, akakubali. Siti akamwambia waingie chumbani, wafunge mlango. Alinawa mikono, akamlaza, akamfungua khanga ile iliyokunjwa mara nne, na kwa mara ya kwanza tangu mwili wake ubadilike Tatu akahisi mikono ya mtu mwingine juu ya tumbo lake. Siti aliinua ngozi kama mtu anayeinua kitu cha kawaida, akaosha vidonda kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, akavipepea mpaka vikakauka, akaweka kitambaa safi cha pamba katikati ili ngozi isigusane. Alimwambia khanga asiikaze tena, ndiyo inayomchoma. Alifanya yote hayo anazungumza habari za mvua za Lindi na bei ya nazi. Tatu alilala akitazama paa, machozi yakimshukia masikioni.

"Ningekuwa mamako ningekwambia neno moja," Siti akasema akifungasha vitambaa.

"Niambie."

"Mdogo wangu ana moyo mwema. Ujasiri sijui. Tangu mdogo alikuwa akichinjiwa kuku anakwenda kujificha, halafu anakuja kula." Akafunga fundo la kifurushi. "Usiolewe kwa kuwa watu wamekwisha kualikwa. Hilo tu."

* * *

Basi la Kusini liliondoka Alhamisi saa nne asubuhi. Njia ya Rufiji ilikuwa imefunguka baada ya masika, na Siti alisema asipoondoka sasa, kwa uhaba wa mabasi, atakaa mwezi mzima. Tatu alikwenda kumsindikiza kituoni, na Bakili alikuwepo, kabeba mkoba wa dada yake na kapu la vitunguu. Alikuwa amekonda usoni. Walisalimiana kwa kuulizana hali kama watu wa mtaa mmoja. Siti aliwakumbatia wote wawili, akapanda, na basi likaondoka na moshi wake.

Wakabaki wao.

"Kesho ndiyo Ijumaa," Bakili akasema. "Bado haijapita. Nimefikiri sana, Tatu. Naweza kwenda kwa shehe leo hii, nikamwambia ilikuwa ni kutoelewana tu. Nimefikiri mpaka nimemaliza."

Alimtazama machoni wakati anasema, akayashikilia macho yake pale pale, kama mtu aliyejifundisha. Tatu alimwamini kwamba anasema kweli, kwa kadiri alivyojijua. Alitaka sana. Alitaka kile kitanda chenye maua ya kuchongwa, alitaka sauti ya mwanamume yule asubuhi, alitaka asizeeke katika chumba alichofia mama yake.

"Nisindikize nyumbani kwanza," akasema.

Siku ile hakuvaa gauni la mikono mirefu. Alikuwa amevaa lile la zamani la mikono mifupi, lililopunguzwa mbavuni, na juu yake amejitanda khanga mpaka viganjani. Pale pale kituoni, jua la saa nne likiwaka, aliivua ile khanga, akaikunja, akaiweka kwapani. Mikono ikabaki wazi. Hakumweleza Bakili kitu. Moyoni aliweka nadhiri moja: mtu huyu akifika nami mpaka mlangoni, kesho naolewa, na taa sitaiuliza tena.

Wakashika njia ya Uhuru. Mwanzoni Bakili alikuwa bega kwa bega naye, akizungumza kuhusu Siti, kuhusu vumbi la njia ya Rufiji. Watu walikuwa wachache. Walipokaribia Msimbazi mtaa ukajaa, wachuuzi, wabeba mizigo, wanawake na vikapu, na macho yakaanza. Wengine walitazama wakaendelea na yao. Wawili walitazama wakageuziana vichwa. Mwanamke mmoja muuza ndizi, aliyemjua Tatu tangu zamani, akaita kwa sauti kuuliza kama ndiye yeye, jamani, amefanywa nini, na mbona mikono imekuwa hivyo. Tatu akamwitikia salama, akamwambia ni yeye.

Maneno ya Bakili yalipungua. Kisha akawa nusu hatua nyuma. Tatu aliona kivuli chake, ambacho kilikuwa sambamba na chake, kinateleza kidogo kidogo kuelekea mgongoni. Akapunguza mwendo ili amfikie. Bakili naye akapunguza.

Kwenye kona, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi lenye foleni ya watu kama kumi na tano, akasimama.

"Naona misumari imefika," akasema. Alikuwa anaitazama foleni. "Wiki tatu naitafuta. Tangulia, nitakukuta."

Tatu alisimama mbele yake kwa muda, mikono imeshuka ubavuni, jasho linamtiririka shingoni. Alitaka kumwambia kwamba ni karibu. Alitaka kumshika mkono amvute kama mtoto. Lakini Bakili alikuwa ameshaingia kwenye mstari, nyuma ya mzee mwenye baiskeli, akimuuliza ni ya inchi ngapi.

"Haya," akasema. "Usichelewe."

Akaenda. Khanga ilikuwa kwapani, hakuifungua. Mama Mdogo Zamda alimkuta ameketi barazani, akatazama nyuma yake, akauliza Bakili yuko wapi, na Tatu akamjibu kwamba amepitia misumari. Waliketi wote wawili mpaka adhuhuri, kisha mpaka alasiri. Adhana ya magharibi ilipoanza, Zamda aliinuka akaenda kwa wazee kuwaambia kwamba kesho hakuna shughuli.

Baadaye watu walimwambia Tatu kwamba ni kweli, misumari ilikuwa imefika. Bakili alikaa kwenye foleni ile mpaka duka likafungwa, akapata kilo mbili, akarudi nayo Ilala. Kutoka pale dukani mpaka Mtaa wa Sikukuu ni mwendo wa dakika tano.